Saini za Wabebaji wa Itebero

Mtu akiweka saini kuonyesha kwamba alikuja kwenye mkutano, je, amekubali kinachoandikwa baada ya yeye kurudi nyumbani? Swali hilo lilininyima usingizi kule Itebero, ingawa jibu nililijua. Nilikuwa natafuta jibu lingine, la kuniacha salama.

Nilikuwa nimetoka Mushaki na diploma yangu, nikapata kazi ya sekretari katika sendika, chama cha kutetea wabebaji, watu wanaopitisha mizigo ya wafanyabiashara msituni kwa miguu. Daraja la miti kwenye njia yao lilikuwa limeoza. Mkutanoni wote walisema hawavuki na mizigo hadi miti ibadilishwe. Nikawapitishia orodha ya mahudhurio, kama tunavyofanya kila mkutano. Waliojua kuandika waliandika, wengine wakachovya kidole gumba kwenye wino.

Kesho yake prezidenti wa sendika, shemeji wa mfanyabiashara mwenye mizigo ya safari hiyo, aliniita.

"Andika ukurasa ya juu, kwamba wabebaji walikubali kuvuka. Saini ziko tayari."

"Papa, walisaini kwamba walikuja tu."

"Saini ni saini. Ao unataka kurudia Mushaki kuchunga ngombe?"

Niliandika. Naona aibu kusema hivyo, lakini niliandika, kwa Kifaransa kizuri, nikabana karatasi mbili pamoja. Chuoni nilikuwa nimejibu kwenye mtihani kwamba sendika hupeleka neno la wafanyakazi kwa mwajiri. Sasa neno la mwajiri lilikuwa linawarudia wafanyakazi, na vidole vyao wenyewe chini yake. Nilijiambia huenda daraja lingehimili. Kisha nikawaza, likivunjika, watauliza nani aliandika. Kisha nikajichukia, maana nilikuwa nimewaza karatasi kabla ya watu. Na huku kwetu mtu akimkera mkubwa, inatosha aambiwe anapelekea kundi fulani la wenye bunduki habari. Neno hilo halifutiki.

Asubuhi ya safari, mbele ya depo ya mizigo, prezidenti alinipa karatasi niwaonyeshe wabebaji kwamba walikubali kuvuka. Mama mmoja alikuwa ameshavaa mkanda wa mzigo kwenye paji la uso.

"Kaka sekretari, leo na weye unabeba? Kichwa yako inajaa Kifaransa, mufuko itakaa wapi?"

Wenzake walicheka. Akaitazama karatasi. "Wanasema njo sisi tulikubali. Tulikubali lini?"

Prezidenti alinikazia macho. Nilifikiria njia ya kurudi Mushaki, na watu ambao ningekutana nao njiani. Kisha nikausoma ukurasa wa juu kwa sauti, kwa Kiswahili, sentensi moja moja. Nikasema niliuandika mimi, na kwamba wao hawakuyasema hayo. Nikauchomoa, nikampa yule mama orodha yenye vidole vyao.

Aliipokea, akaketi, akautoa mkanda kichwani.