Dumu Nyuma ya Mlango

Fundi cherehani hasira zake zilikuwa puani, na mtaa mzima ulijua. Ukimletea kitambaa kisichotosha, anakurushia usoni. Lakini safari hii alikuwa na haki ya kuwaka: mimba mbili zilikuwa zimeharibika zikiwa kubwa, na hii ya tatu hospitali walimpa dumu.

"Mkojo wako wote, wa mchana na wa usiku, utie humu," nesi alimwambia. "Mtoto na kondo lake la nyuma wanatengeneza homoni. Ini lako linazigeuza ziyeyuke kwenye maji, figo zinazitoa. Zikitoka nyingi, mtoto ni mzima. Zikipungua, ana shida."

Fundi aliliweka nyuma ya mlango wa bafu. Aliona haya, lakini tone halikupotea. Asubuhi akalipeleka maabara mwenyewe.

Majibu yalipotoka, daktari alikunja uso. Homoni zimeshuka mno. Mtoto atolewe leo, ingawa hajakomaa. Akiishi ni bahati. Fundi aliwatukana wote, daktari, maabara, hata mumewe aliyekuwa kazini. Miezi yote ameinama juu ya cherehani na tumbo lake, halafu leo aambiwe bahati!

Wifi yake, dada wa mumewe aliyeishi nao, alikuwa kando ya kitanda chake wodini, akilia kwa kwikwi.

"Unalia nini? Mimba yako?"

"Wifi, nilikuwa napiga deki. Nikaligonga dumu, likamwagika karibu lote. Nikajazia maji ya bomba."

Fundi alishuka kitandani na gauni la upasuaji mwilini. "Wanataka kumtoa mwanangu kwa maji ya bomba! Kwa nini hukusema?"

"Nilikuogopa. Wewe huambiliki, wifi."

Hilo lilimchoma kuliko yote. Akamshika mkono, akamburuta hadi kwa daktari akaseme mwenyewe.

Daktari aliahirisha upasuaji, wakapewa dumu jingine. Fundi akamsukumia wifi yake kifuani. "Utalibeba wewe." Kutwa kucha wifi alimfuata nalo, wodini hadi chooni, na usiku akalala amelikumbatia. Majibu yakarudi: homoni tele.

Mtoto alizaliwa mwezi wake ulipotimia, akilia kwa ghadhabu kama mamake. Wifi hajasamehewa, na Fundi halifichi hilo. Ila siku hizi akisikia kitu kimeanguka mle ndani, husaga meno kwanza, kisha huuliza polepole, "Haya, niambie. Nini kimemwagika?"