Sala ya Pumzi Tatu

Kabla mapafu yangu hayajaharibika, nilikuwa mwombaji wa kutisha. Katika jumuiya yetu ya Niboye, nikisimama kuombea chakula, wenye uzoefu walitafuta kwanza pa kuegemea. Nilianza na wagonjwa, nikapita kwa wasafiri, wajane na viongozi, kisha nikawarudia wagonjwa niliowasahau. Siku moja mume wangu alisinzia, akazinduka na kusema "Amina" katikati ya wajane. Watu wote wakaitikia kwa furaha, wakaanza kunawa mikono. Sikumsemesha siku mbili.

Halafu pumzi ikaanza kunipungukia. Tangu nitoke Tanzania nilikokulia, nilikuwa nimepika kwa kuni miaka mingi katika shule moja hapa Kigali. Daktari akaniambia moshi ule umeniachia ugonjwa wa mapafu usiopona, ila unatunzika. Akanipa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Muuguzi akanifundisha kupumua: vuta kwa pua, toa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepoza chai.

Niliporudi jumuiyani, mwenyekiti wetu, mama mwembamba mwenye sauti nene, akanipa sala kama kawaida. Nikasimama.

"Ee Mungu," nikavuta pumzi. "Asante kwa chakula," nikavuta tena. "Na kwa sisi. Amina."

Nikafumbua jicho moja, nikakuta wenzangu nao wamefumbua moja moja, wakisubiri wagonjwa na wasafiri. Kisha wanaume wakaitikia "Amina!" kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia hata Pasaka.

Nilirudi nyumbani nikilia. Niliona Mungu amenipokonya kitu pekee nilichojua kumpa. Wiki tatu sikwenda tena.

Asubuhi nilikaa kwenye ngazi ya mlango nikifanya zoezi la muuguzi. Kati ya pumzi na pumzi sikuwa na la kusema, basi nilikaa tu, nikisikiliza mtu akifagia. Siku ya nne au ya tano nikagundua kwamba ile hofu ya kulala nisiamke imelegea. Haikuondoka, ila ililegea.

"Kumbe uko hapa," nikamwambia Mungu kwa sauti.

"Yego, mama, niko hapa," akajibu jirani yangu nyuma ya ua, ufagio mkononi.

Nilicheka mpaka nikatafuta dawa yangu.

Jumapili iliyofuata mwenyekiti akanijia mwenyewe. "Mama, rudi. Ule mwalimu tulipatia sala yako, aliomba mpaka maharage ikashika ngozi."

"Lakini yangu siku hizi ni fupi mno."

"Ni hiyo watu iko nataka! Hata mimi."

Tukaondoka pamoja. Kutoka kwangu hadi nyumba ya jumuiya ni mlima mtupu. Niliposimama kupumua, naye alisimama, akafungua kilemba na kukifunga upya. Niliposimama tena, kilemba tena. Mara ya tatu nikamwuliza kilemba hicho kina shida gani.

"Kilemba haina shida," akasema, akihema kuliko mimi. "Shida ni huu mlima."

Tukakaa wawili kwenye ukuta mfupi wa mtu tusiyemjua, tukahema kwa zamu, hatuna haraka. Tulipofika nikapewa kiti karibu na dirisha, nikaambiwa nisijisumbue kusimama. Nikaomba nimekaa.