Vidole vya Unga

Kila jioni mama mwenyekiti wa kamati ya usalama ya Nyumba Kumi hukaanga bhajia kwenye njia panda ya mtaa wao, Kisauni. Kijana akipita, humwita kwa jina la mamake, kwa sauti ya kuvuka mapaa: "We mwana wa Nyevu, waenda wapi?" Vijana humcha kuliko polisi. Nyevu alimchukia, na leo zaidi, maana ndiye aliyepeleka polisi habari ya panga chini ya kitanda cha mwanawe, Kai. Askari walipomburura Kai kifua wazi hadi garini, majirani walitoka milangoni. Watu walikumbuka vijana walioondoka na gari kama lile wasirudi. Mwenyekiti akaacha kijiko, akapanda nyuma bila kuombwa, akamshika Kai mkono kwa vidole vilivyoganda unga.

"Shuka, mama!" askari akafoka.

"Aliyewaita ni mimi. Sishuki mpaka jina lake liandikwe kituoni."

Gari likaondoka naye. Nyevu, laana ingali mdomoni, akaona karai linafuka moshi. Akakiokota kijiko, akaanza kuzigeuza bhajia.