Mume Wangu Hakuwa Amelewa

Ndugu wasomaji, mkosaji ni mimi, wala msinitafutie udhuru! Jina silitaji kwa ajili ya wanangu.

Mume wangu aliwahi kutengwa na kanisa kwa sababu ya ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi. Akatubu, akaapa mbele ya usharika. Jumapili ile ndipo angerudishwa kwenye Meza ya Bwana. Lo, nilivyoingoja siku hiyo!

Jumamosi alitoka Makambako kwa miguu kurudi kwetu Kichiwa. Mvua ilimnyea njia nzima, na upepo wa baridi wa huku mnaujua. Alifika jioni akipepesuka, maneno yakimkwama mdomoni.

"Dada, nifungulie." Dada! Mimi mkewe!

"Ulanzi tena? Kesho tutaficha wapi nyuso zetu?"

"Sija... sijanywa."

Hasira zilinipanda. Sikutaka majirani wamwone, nikamsukuma ghalani na kufunga mlango kwa nje. Mimi na watoto tukaota moto jikoni. Mwanzoni nilisikia meno yake yakigongana, kisha kimya. Nikasema afadhali amelala.

Asubuhi nilimkuta amekufa, nguo zimeloa vilevile. Ole wangu! Wazee wa kanisa walipouliza, nikajibu, "Ni ulanzi." Basi akazikwa kama aliyetengwa, bila kengele ya kanisa, bila wimbo hata mmoja.

Baadaye nilimpeleka mtoto hospitali ya misheni, Njombe. Moyo ukanisukuma, nikamsimulia daktari.

"Mdomo ulinuka pombe?" akauliza.

"Sikunusa, Bwana Daktari."

Akashusha pumzi. "Mama, ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Mwili ukipoa mno, umeme huo hufifia kama tochi yenye betri kuukuu. Mtu hupepesuka, humsahau hata mkewe. Akiacha kutetemeka bila kupata joto, hapo ndipo pa hatari. Angekaushwa na kupashwa joto, pengine angepona."

Nilirudi na maneno hayo nisimwambie mtu. Niliona haya! Mchuma janga hula na wa kwao: wanangu wanaitwa watoto wa mlevi, nami nainamisha kichwa tu.

Wenzangu wa nchi za baridi, mtu akija ameloa na ulimi mzito, mnuseni mdomo kabla ya kumhukumu! Mvueni nguo mbichi, mfunikeni, mkokeeni moto. Maswali muulizeni akishapata joto.

Mume wangu hakuwa amelewa. Kiapo chake alikishika. Mchungaji wetu, ukisoma haya, nakusihi umpigie kengele.