Wembe Nilioukataa

Mwezi uliopita binti yangu aliniletea paka wake jikoni, amemkumbatia kama mtoto mchanga, akasema, "Mami, Sukari ana kidonda hapa." Nilikuwa napepeta ndengu. Nikainama kuangalia. Kwenye ncha ya sikio kulikuwa na kigaga kidogo cheusi, hakizidi punje ya mtama, na ngozi iliyokizunguka imekuwa nyekundu. Mtu mwingine angesema paka amechomwa na mwiba. Mimi ungo ulinitoka mikononi. Ndengu zote zikamwagika, paka mweupe ananitazama tu, nami niko Ikutha tena, nina miaka tisa.

Wacha nikueleze, rafiki yangu, la sivyo utanicheka kama walivyonicheka wengine.

Kila shule ikifungwa nilipelekwa kwa nyanya yangu, susu kama tunavyosema kwetu Ukambani. Jua la Ikutha si la mchezo. Saa nne asubuhi kuku wameshajificha chini ya ghala, na uani huwezi kukanyaga jiwe bila ndara. Tuliamshwa na mchi, susu akikoboa mahindi ya muthokoi, na mpaka leo nikisikia kitu kikigonga mbao kwa mbali naona njaa. Kazi yangu ilikuwa kwenda na punda kuchota maji kwenye mchanga wa mto, halafu kukaa kando ya turubai kufukuza kuku wasile ndengu zilizoanikwa. Mwenzangu katika ulinzi huo alikuwa paka wetu, Chaki. Alikuwa mweupe kama jina lake, pua ya waridi, masikio membamba hata ukimshika juani unaona mishipa ya damu ndani yake. Analala katikati ya turubai, tumbo juu, mchana kutwa, anakula jua kama mwenye shamba.

Susu hakumfuga kwa mapenzi. Alimfuga kwa sababu ya panya wa ghalani. Na pale kwetu paka wa ghala alikatwa masikio akiwa bado mdogo. Walisema paka mwenye masikio mafupi hapendi kuingia nyasini asubuhi, umande unamwingia, kwa hiyo anabaki nyumbani na panya wake badala ya kuhamia porini. Fundi wa kazi hiyo alikuwa jirani yetu, mama mmoja mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Wembe mpya, konzi ya majivu, ncha mbili, basi. Paka wa kijiji kizima walikuwa na vichwa vya mviringo kama bundi.

Siku jirani alipomjia Chaki, nilimtia paka ndani ya kiondo nikakikumbatia, nikapiga kelele hata mbuzi wakanyamaza. Jirani alicheka mpaka akafuta machozi. "Huyu wako ataolewa na paka!" akamwambia susu. Susu alikuwa na kazi nyingine za kufanya. "Mwache," akasema. "Lakini akipotelea huko msituni usije kunililia mimi."

Hakupotea. Alikaa nyumbani na masikio yake yote mawili, nami nikaringa nayo.

Miaka miwili baadaye, nilipokuja likizo, nilikuta kigaga kwenye ncha. Susu akasema ni panya amemuuma, naye akampaka majivu na chumvi. Kikaanguka, kikarudi. Likizo nyingine kilikuwa kidonda chenye maji. Jirani akaleta oili chafu ya gari ndani ya kifuniko cha chupa, maana oili hiyo ndiyo iliyowaponya mbwa wake upele, na Chaki akairamba yote akatapika siku mbili. Kidonda kikaendelea. Kilimla sikio kutoka ukingoni kwenda ndani, pole pole, kama kiwavi anavyokula jani la kunde, na kilikuwa na harufu. Alikuwa akitikisa kichwa, ukuta unapata matone ya damu. Wageni wakija namfungia ghalani.

Halafu jirani akasema, akipita tu na kuni zake mgongoni, "Wewe unayelala na huyo paka, ngoja, na lako litaanguka."

Labda alikuwa anatania. Mimi sikujua. Susu alikuwa na kipande cha kioo kilichochomekwa ukutani kando ya mlango, na kila asubuhi kabla ya chai nilisimama kwa ncha za vidole vya miguu nikavuta masikio yangu, kwanza moja, halafu lingine, nikitafuta kigaga. Nikijikuna na kuona damu kidogo nasema basi, imeanza. Sikumwambia mtu. Nilienda shuleni na woga huo, nikarudi nao. Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyeniuliza kwa nini nashika masikio kila saa. Mwalimu alinichapa akidhani naziba masikio kwa dharau anapofundisha.

Siku moja daktari wa mifugo alikuja na pikipiki kudunga mbuzi wa kijiji chanjo. Alipokuwa ananawa mikono nilimletea Chaki. Watu wakaanza kucheka, lakini yeye hakucheka. Alichuchumaa. Akamfungua mdomo akaangalia ndani, akapitisha vidole viwili chini ya taya, akavikawiza hapo, akibonyeza, kama mtu anayetafuta jiwe ndani ya maharagwe. Akasema, "Hii si panya. Hii ni kansa."

"Kansa ya paka?" susu akauliza. "Daktari, kansa ni ya watu."

"Mama, kila chenye nyama kinaweza kuipata. Paka mweupe ngozi ya sikio lake haina rangi ya kumkinga. Jua limemchoma miaka yote hii. Mngeniita kikiwa kidogo ningekata sikio, na angepona. Sasa imeshuka, tezi hii imevimba." Akanigeukia mimi, mtoto, si wao. "Naweza kumdunga sindano alale asiamke. Hataumia. Unasemaje?"

Na jirani, pale pale, mbele ya watu: "Si nilitaka kuyakata hayo masikio? Nani alikataa?"

Nilikataa tena. Nilimkumbatia, nikasema hapana, nikakimbilia nyuma ya ghala, na wazee wote pale wakashusha pumzi wakaendelea na mbuzi wao, eti mtoto ameamua. Chaki aliishi siku nyingine nyingi ambazo hakuna kiumbe anayestahili kuziishi. Mwishoni alikuwa anaenda kwenye kibakuli cha maziwa, anainamisha kichwa, halafu anakaa tu. Sitakueleza zaidi.

Nimekuwa mtu mzima, nina mtoto wangu, na hilo ndilo linaloniwasha kifuani mpaka leo. Mtoto wa miaka tisa ndiye aliyeachiwa kuamua. Wote walikuwa na akili, walikuwa na ndevu, walikuwa na biblia kwapani, na wote wakanyamaza.

Kwa hiyo safari hii sikusubiri. Nilimtia Sukari kwenye kiondo, nikamfunika kwa leso, nikaenda naye sokoni Tawa. Kwenye duka la dawa za mifugo, kijana wa kaunta hakuinuka hata kitini. Akaniwekea dawa ya buluu ya kupuliza ya ng'ombe. "Mpulizie hii, mathe. Ni mikwaruzo."

"Umemwangalia?"

"Paka ni paka tu. Akifa si utaokota mwingine?"

"Nimekuuliza kama umemwangalia." Nilisema kwa sauti hata mzee aliyekuwa ananunua mbegu akarudi nyuma. "Huna macho? Basi nionyeshe mwenye macho."

Mwenye macho alikuwa chumba cha nyuma, daktari mwanamke, gumbuti za miguuni bado zina mavi ya ng'ombe. Aliponawa na kumshika Sukari, vidole vyake vilienda moja kwa moja chini ya taya. Vilikaa pale. Upande mmoja. Upande mwingine. Nilitazama uso wake jinsi nilivyotazama uso wa yule wa pikipiki.

"Tezi ziko sawa," akasema. "Umempa nini?"

"Hakuna."

"Hata Panadol? Maana hiyo inaua paka."

"Hakuna, daktari. Nimekuja naye hivyo hivyo."

Akaniambia anavyodhani, na neno lilikuwa lile lile. Alisema kuthibitisha ni lazima akate kipande kiende maabara, na kwa sikio ni heri kukata ncha nzima mara moja, na ya sikio la pili pia kwa sababu imeanza kuwa nyekundu, halafu maabara waangalie kama ukingo uliobaki ni safi. Atalazwa kwa dawa ya usingizi. Kuna paka ambao hawaamki, hakunificha. Akaniuliza kama nataka kwenda kufikiria.

Nilifikiria miaka kumi na nane. Nikaweka sahihi.

Sukari aliamka. Alirudi nyumbani na kola ya plastiki shingoni, na alipovuliwa, kichwa chake kilikuwa cha mviringo kama bundi, kama paka wote wa Ikutha niliowahurumia. Siku hizi hakuna anayekata paka masikio kule. Susu tulimzika, ghala limeliwa na mchwa, jirani alihamia kwa mwanawe na mdomo wake. Ukienda utakuta mawe ya uani tu na jua juu yake, lile lile. Jibu la maabara bado halijafika. Mchana paka anakaa ndani, pazia limefungwa, na kila asubuhi napitisha vidole viwili chini ya taya lake, natafuta jiwe ndani ya maharagwe. Naogopa, sitakudanganya.

Jana, nikitoka kufanya hivyo, nilimkuta binti yangu chumbani. Amepanda kiti mbele ya kioo, amevuta nywele nyuma, na ameshika sikio lake kwa vidole viwili.

Nilisimama mlangoni. Halafu nikaenda nikamshusha kitini, nikamshika masikio yote mawili, nikamwambia kwa sauti kubwa, kubwa kuliko ilivyohitajika, kana kwamba anayesikiliza yuko mbali, kule Ikutha, mbele ya kipande cha kioo:

"Haiambukizi. Unanisikia? Haiambukizi. Na si makosa yako."