Ngozi Haichorwi kwa Rangi Nyeusi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa brashi. Nilikuwa nimetoka nyumbani Muthetheni asubuhi hiyo na cheti changu cha sekondari ndani ya bahasha, nikidhani nitaulizwa habari zake. Msimamizi wa karakana, Mzee Kilonzo, hakuifungua hata hiyo bahasha. Aliniambia nimwonyeshe mikono, akaitazama pande zote mbili, akasema, "Haitetemeki. Kaa pale kwenye msasa."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na karakana yetu ilikuwa nyuma ya maduka mjini Machakos. Tulitengeneza sanamu ndogo za watu, nyingi zikiwa na urefu wa kidole cha kati: wachungaji wa Krismasi, wacheza ngoma, wanafunzi, akina mama wa sokoni. Wachongaji walizichonga upande mmoja wa ua, nasi wapaka rangi tukazivisha ngozi upande wa pili. Kwa miezi mitatu nilisugua mbao na kupaka rangi ya msingi, yaani lile tabaka jeupe jembamba linalozuia mti kunywa rangi zinazofuata. Niliichukia kazi hiyo. Baadaye nilielewa kwamba uso mdogo namna ile hausamehe vumbi. Chembe moja ikibaki shavuni, mtu anaonekana ana jipu.

Nilipopewa brashi hatimaye, nilichanganya kahawia na nyeusi, maana nilijua mimi ni mweusi na sikuona haja ya kufikiri zaidi. Nikampaka mama mmoja aliyebeba kuni, nikampeleka kwa Mzee nikiwa na furaha.

"Huyu alifariki lini?" akaniuliza.

Nikamgeuza yule mama mkononi, nisione kosa lake.

"Nyeusi ya kopo inazima damu. Enda nje uangalie mkono wako kwenye jua, mwaitu, halafu uniambie unaona nini." Mwaitu ni "mama yangu" kwa Kikamba. Ndivyo alivyotuita wanawake wote pale, hata mimi niliyekuwa rika la binti zake.

Nilisimama uani. Niliona wekundu kwenye vifundo vya vidole, manjano upande wa ndani wa mkono, na buluu kidogo mshipa ulipopita. Nyeusi sikuiona popote.

Tangu siku hiyo nikaanza kujifunza kazi yenyewe. Tulitangulia na kivuli: kahawia nyekundu yenye buluu kidogo, mwili mzima. Kikikauka, na rangi ya mafuta haikauki kwa siku moja, tuliweka rangi ya kati mahali palipoinuka, tukikiacha kivuli chini ya kidevu na kwenye mikunjo ya viwiko. Mwisho ulikuja mwanga, nukta ya rangi ya asali kwenye paji la uso na ncha ya pua. Kila tabaka lilikuwa jepesi kama chai ya rangi. Jumapili kanisani nilitazama shingo za watu walioketi mbele yangu kuliko nilivyomsikiliza padri, na sioni aibu kulisema.

Baada ya miaka kama minne meneja, mkubwa wa Mzee Kilonzo, alinihamishia benchi la marekebisho. Wenzangu waliliona kama adhabu, kwa sababu pale huanzi kitu chako, unapokea kilichoharibiwa na mwingine. Mimi nililipenda. Rangi nzito iliyojaza jicho niliitoa kwa kijiti cha meno kilichochovywa tapentaini, sikuifunika kwa rangi nyingine. Unywele wa brashi ulionasa shavuni niliung'oa rangi ikiwa mbichi. Kama imeanza kushika, niliacha ikauke kabisa, ndipo nikasugua. Jicho likienda upogo, sikulihangaikia lenyewe. Nilichukua rangi ya ngozi nikarekebisha ukope wake, na jicho likanyooka. Wengi waliharibu sanamu wakiwa na haraka ya kuficha kosa, si wakati wa kulifanya.

Kisha shule moja ya wauguzi ikaagiza mfano wa zahanati: ubao mpana wenye vyumba, foleni ya wagonjwa, akina mama na watoto, ili wanafunzi wajifunze kumsoma mgonjwa kwa macho. Sanamu hizi zilikuwa kubwa kidogo, za urefu wa shibiri. Nilipewa watoto wagonjwa. Yule wa upungufu wa damu nilimpaka rangi ya majivu mwili mzima.

Sista aliyefundisha wauguzi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, alikuja kukagua. Alimgeuza mtoto yule mkononi.

"Huyu amepakwa unga," akasema. "Mtu wetu akiishiwa na damu, uso unaweza kukudanganya. Fungua kiganja. Vuta ukope wa chini. Angalia ulimi. Damu iko hapo."

"Nimfute wote, Sista?"

"Fundi ni wewe. Mimi sitaki mwanafunzi wangu amrudishe huyu mtoto nyumbani akidhani ni mzima."

Nilimfuta mpaka kwenye rangi ya msingi. Ili nipate viganja sawasawa, nilizunguka karakana nikimwomba kila mtu afungue mkono wake karibu na dirisha. Mikono ya wachongaji ilikuwa na sugu, lakini chini ya sugu kulikuwa na wekundu. Mkono wa Mzee Kilonzo ulikuwa tofauti. Ulikuwa na rangi ileile niliyokuwa nimechanganya asubuhi hiyo kwa ajili ya mtoto mgonjwa.

Niliogopa. Kumwambia mtu mzima kuhusu mwili wake si jambo jepesi, tena mkubwa wako wa kazi.

"Mzee, umekuwa ukijisikia aje?"

"Ni uzee tu. Nikipanda kutoka sokoni napumzika mara mbili."

Niliweka kiganja changu kando ya chake. "Angalia, Mzee."

Aliangalia, akaurudisha mkono. "Mimi ndiye nilikufundisha kuangalia mkono. Sasa umeanza kunisomea wangu?"

"Ndiyo. Ulinifundisha vizuri."

Alirudi kwenye benchi lake akainamia kazi. Siku mbili baadaye, Sista aliporudi kumtazama mtoto, alimkubali, akamweka chini. Nikamwambia kwa sauti ndogo kuhusu Mzee. Alimfuata kwenye benchi lake, akamsalimu, akamvuta ukope wa chini bila kumwomba ruhusa, kisha akamwambia achukue koti lake.

Walimkuta na kidonda cha tumbo kilichokuwa kikivuja damu polepole. Aliongezewa damu, akalazwa majuma kadhaa. Nilikaa kwenye kiti chake muda huo wote nikigawa kazi, na kila mlango ulipofunguliwa nilishtuka nikidhani ni mtu wa kuleta habari mbaya. Siku aliporudi, amekonda lakini anatembea bila kupumzika, hakunishukuru kwa maneno. Alivuta kigoda akaketi karibu nami.

"Hiyo rangi ya kiganja," akasema, "uliichanganya aje?"

Nikamwambia, naye akaandika kwenye daftari lake. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiandika kitu alichofundishwa na mmoja wetu.

Alipostaafu nilirithi usimamizi. Baadaye nilipelekwa duka letu la Syokimau, ambako vijana waliingia wakiniita mathee, yaani mama kwa Sheng, na kuniuliza, "Sasa mathee, hizi ni za mkono ama ni za mashine?" Nami niliwapa sanamu pamoja na kioo cha kukuza, nikawaacha wajijibu.

Nimestaafu sasa, na macho yangu yanahitaji miwani hata kwa kuchambua mchele. Vijana wa kazi hii wananiuliza namna ya kuacha kukosea. Sijui. Nilikosea mpaka juma la mwisho. Ninachojua ni kulitazama kosa bila hofu, kuliondoa lote, na kuanza tena kwa tabaka jepesi.

Siku ya kuondoka kwangu, Mwende, binti aliyechukua benchi la marekebisho, alipanga sanamu sita mezani akaniambia moja nilikuwa nimeitengeneza upya mimi mwenyewe, uso mzima, niitafute. Nilivaa miwani. Nilizigeuza zote dirishani, nikachukua muda wangu, nikachagua mzee mmoja mwenye fimbo.

"Huyo hajawahi kurekebishwa, Mwalimu," Mwende akasema.

Nilicheka, nikamrudisha mzee wangu mezani, wala sikumuuliza ilikuwa ipi.