Modemu ya Beishenaly Kando ya Jiko

Kule At-Bashy, kijijini milimani, hakuna nyumba yenye joto kama ya Beishenaly, na ukibisha muulize mwenyewe, atakujibu mpaka chai yako ipoe. Ni fundi wa majiko ya ukutani, yale ya matofali yanayokula makaa ya mawe na kupasha nyumba nzima. Shule aliiacha mapema kwa sababu, anasema, darasa lilikuwa na baridi. Wageni wakiingia kwake wakati wa theluji wanavua koti, wanavua sweta, halafu wanaanza kutazamana kwamba sasa tuvue nini tena. Yeye anatabasamu. Jasho la mgeni ndilo cheti chake.

Mwaka mmoja akapata mjukuu wa kwanza, wa kiume. Mtoto alizaliwa mjini Bishkek, kwa mwanawe Erjigit, na njia ya mlimani ikafungwa na theluji. Jina la mtoto hutolewa na babu mzaa baba: anaadhini sikioni, halafu analitaja. Beishenaly jina alikuwa nalo, Kubat, amelitunza tangu Erjigit mwenyewe hajaota ndevu. Lakini aliyekuwa karibu na mtoto ni babu mzaa mama, Sadyrkul, dereva wa treni mstaafu, mtu wa utani mbaya.

"Mkwe," Sadyrkul alimwambia kwa simu, "Ijumaa wageni wanakuja kula. Ukionekana kwenye video, unatoa jina lako. Usipoonekana naadhini mimi, na mtoto anaitwa Temirjol."

"Temirjol si reli?"

"Reli. Imenilisha maisha yangu yote."

"Basi niadhini kwa simu hii hii ya kawaida."

"Mtu hampi jina mtoto asiyemwona. Wewe ungenunua kondoo kwa kusikia sauti yake?"

Hapo Beishenaly akakubali, maana hajawahi kununua kondoo bila kumpima mkia kwa mkono.

Simu yake ilikuwa ya vitufe. Ya mkewe, Batmakan, ilikuwa na kioo kikubwa, ila pale pa kuwekea laini palikufa siku ilipotumbukia kwenye supu. Ilikuwa inapata intaneti kutoka kwenye ruta ya nyumbani tu. Na ruta ilikuwepo, lakini waya wake wa mtaani ulikatwa na theluji. Erjigit akamwelekeza baba yake: nunua modemu, kile kidude kidogo, tia laini ndani, kichomeke nyuma ya ruta.

Akachomeka. Taa nyekundu. Akachomoa, akapuliza, akachomeka tena. Nyekundu vilevile.

"Baba, laini ina namba ya siri," Erjigit akasema simuni. "Ruta inasubiri mtu aiandike. Iweke laini kwenye simu yako kwanza, uiondoe hiyo namba."

"Siri ya nini? Nani ataiba laini At-Bashy?"

"Iondoe tu, baba."

Akaiondoa. Batmakan naye akafungua ukurasa wa ruta kwenye simu yake, na pale palipoandikwa kwamba intaneti inakuja kwa waya, akachagua modemu. Ruta ikajizima, ikawaka, taa ikawa ya bluu. Beishenaly akatoka kuwatangazia majirani kwamba ameiunganisha nyumba yake na dunia. Batmakan, aliyebonyeza kila kitu, akawa anamtazama tu dirishani.

Aliporudi ndani, taa ilikuwa inapepesa, ingawa intaneti ilikuwa inafanya kazi. Ruta na modemu yake vilikuwa dirishani, kioo kimeganda barafu.

"Inatetemeka," Batmakan akasema. "Imepigwa na baridi."

Kwao dawa ya kichanga anayetetemeka inajulikana. Mwanakondoo aliyezaliwa kwenye theluji analetwa ndani, anafungwa sufu, analazwa kando ya jiko. Modemu ikafungwa sufu nzito, ikapandishwa pamoja na ruta kwenye rafu juu ya jiko. Ikafanya kazi kwa muda wa kunywa bakuli la chai, ikakata. Jirani yao Umsunay akasema hilo ni jicho la watu, akaleta hirizi ya ngozi, ikafungwa juu ya sufu. Ikakata upesi zaidi. Beishenaly akaongeza makaa.

Ijumaa majirani wakajaa, boorsok, maandazi yao madogo, za moto mezani, jiko linanguruma kama limelipwa. Simu ikaita, akatokea Sadyrkul na kofia yake mpya.

"Mkwe, mbona umelowa? Umetoka kuoga?"

"Hili ni joto la fundi. Mlete mtoto."

Sadyrkul akafungua mdomo kujibu, akaganda hivyo hivyo, mdomo wazi. Halafu kioo kikawa cheusi.

Batmakan akapanda kigoda, akapenyeza mkono kwenye sufu, akautoa mbio kama aliyeshika boorsok iliyotoka kwenye mafuta.

"Mzee, hiki hakisikii baridi. Kinaungua."

"Jiko langu halijawahi kumdhuru mtu."

"Kwani hiki ni mtu?"

Simu ya vitufe ikalia. Sadyrkul. "Nyama imeiva, mkwe, wageni wanatazama mlango. Nanawa mikono, kisha naadhini. Temirjol Erjigit uulu, mwana wa Erjigit, sikiliza linavyokaa vizuri."

Beishenaly akalitazama jiko lake. Akawatazama majirani waliokuwa wanajifuta jasho, nusu yao wana majiko aliyoyajenga yeye. Kisha akairarua ile sufu na hirizi yake, akairudisha ruta dirishani, modemu uchi inaning'inia kwenye barafu, na akafungua kidirisha cha juu. Haikumtosha. Akachukua koleo, akachota makaa mekundu kwenye ndoo, akaenda kuyamwaga nje. Theluji ikalia tsss. Aliporudi, Umsunay alikuwa ameshavaa koti.

"Beishenaly kazima jiko," mtu akanong'ona. "Leo nimeona."

Taa ikawa nyekundu. Wakangoja. Ikawa bluu. Batmakan akapiga, na Sadyrkul akatokea, mikono bado imelowa maji.

"Mkwe, mbona unatoa mvuke mdomoni? Jiko limekufa?"

"Nimelifukuza. Lilikuwa linasikiliza mazungumzo ya watu. Sogeza kofia yako, nimwone mtoto."

Sadyrkul akacheka, akasogea. Mtoto alikuwa amevimba mashavu, amekunja uso kama mkaguzi wa tiketi. Beishenaly akamtazama mpaka Batmakan akamgusa kiwiko. Erjigit akaiweka simu kwenye sikio la mwanawe, na mzee akaadhini, sauti inatetemeka, meno yanagongana, hakuna aliyejua ni baridi au ni nini.

"Jina lako Kubat," akasema. "Jina lako Kubat. Jina lako Kubat."

Kule Bishkek mtoto akaanza kulia kwa nguvu zake zote. Sadyrkul akampokea, akaanza kumbembeleza huku anamtembeza.

"Nyamaza, Kubat," akasema. "Ungejua ulivyoponea chupuchupu kuitwa reli."